Maswali ya Wasomaji: Damu ya Mzazi Ipimwe, Isikisiwe

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO), pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa wanawake na ya wakunga, lilitoa mwongozo mpya wa kuzuia na kutibu utokaji wa damu nyingi baada ya kujifungua. Barua tulizopata kuhusu jambo hili nyingi ni za wakunga, nyingine za wajawazito na za watu wa nyumbani kwao. Tumetanguliza ya mkunga kwa kuwa jibu lake linafungua mengi ya yanayofuata.

SWALI: Tulifundishwa kwamba mama akipoteza mililita 500 ndipo tuhesabu kuwa anatoka damu nyingi. Sasa tunaambiwa 300. Tushike ipi? Na tutapimaje ilhali tunachoangalia ni khanga zilizolowa?
Muuguzi mkunga, kituo cha afya, Sumbawanga

JIBU: Mkunga mwenzetu, zote mbili zinatumika. Damu ikifika mililita 500 anza tiba, hata kama mama anaongea vizuri na presha yake haina shida. Ikifika 300 na ishara moja tu ya mwili imeharibika, anza vilevile, usingoje 500. Ishara hizo ni mapigo ya moyo yanayozidi 100 kwa dakika, namba ya juu ya presha iliyo chini ya 100, au namba ya chini iliyo chini ya 60. Ipo pia hesabu ya kufanya kichwani: mapigo yakizidi namba ya juu ya presha, mama yuko hatarini. Chukua mzazi mwenye mapigo 112 na presha 104 kwa 66. Ukisoma presha peke yake utampitisha, kumbe mapigo yameshaipita. Mwili wa mwanamke kijana hufidia damu iliyopotea kwa kuongeza mapigo, na presha hukaa palepale kwa muda. Siku ikishuka, hushuka kwa ghafla.

Kuhusu khanga, hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo. Khanga hunywa damu, damu huchanganyika na maji ya uzazi na mkojo, na ile inayochuruzika pole pole kwa saa nzima haimshtui mtu. Macho ya mkunga mzoefu hukosea sawa na ya mwanafunzi, na mara nyingi hukosea kwa kupunguza.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa siku zote, wahudumu waligundua asilimia 51 tu ya waliokuwa wakitoka damu nyingi. Kwingine walipewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo na utaratibu wa kutoa tiba zote kwa pamoja. Huko waligundua asilimia 93. Waliofikia hali mbaya, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa kutoka damu, walikuwa asilimia 4.3 upande wa kwanza na 1.6 upande wa pili. Dawa zilizotumika si ngeni kwa mkunga yeyote. Kilichobadilika ni kujua mapema na kutenda mara moja.

Mfuko wenyewe huwekwa chini ya makalio ya mama mara tu mtoto anapotoka, maji ya uzazi yakishamwagika. Ukiuweka mapema utapima maji. Kamba zake zifungwe kiunoni, mdomo ufunguliwe uning'inie ukingoni mwa kitanda, na kichwa cha mama kiinuliwe kidogo ili damu iteremke isituame mgongoni. Usiache khanga katikati ya makalio na mfuko. Kosa hili ni la kawaida mno, kwa sababu tunataka mama asione baridi. Mfunike juu, chini paache wazi. Kila dakika 15 kwa saa ya kwanza soma mstari, shika tumbo uone kama mfuko wa uzazi ni mgumu, pima mapigo na presha, uandike. Saa ikiisha damu ikiwa bado inatoka, endelea hadi saa ya pili.

Kama mifuko hiyo haijafika kwenu, tumia mizani. Pima pedi na khanga zikiwa kavu, andika uzito wake, zipime tena zikilowa, toa. Gramu moja ya damu ni karibu sawa na mililita moja. Khanga kavu yenye gramu 180 ikirudi na gramu 560, mama amepoteza takribani mililita 380. Mizani ya kidijitali ya kupimia watoto inatosha, ila itengewe mfuko wa plastiki wa kuifunika.

SWALI: Kwetu mama akianza kutoka damu tunampa oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), tunangoja tuone, ikishindikana ndipo tunapanda hatua nyingine. Kwa nini sasa zote kwa mpigo? Si ni kumjaza mtu dawa?
Muuguzi, Kilifi

JIBU: Dada, huko kungoja tuone ndiko kunakokula muda. Dakika kumi za oksitosini, kumi nyingine za kumtafuta daktari, kumi za kutafuta kanula (mrija mdogo wa kuingiza dawa mshipani), na mama amepoteza lita. Lengo ni hatua zote za mwanzo ziwe zimefanyika ndani ya dakika 15.

Anayegundua apaze sauti kuita msaada na asiondoke kitandani. Mmoja asugue tumbo juu ya mfuko wa uzazi mpaka ukaze, au kwa dakika moja. Ukiwa laini kama unga uliokandwa, haujajikaza. Wa pili aweke kanula nene na kuanza oksitosini: uniti 10 katika mililita 200 hadi 500 za salaini ziingie kwa dakika 10, kisha uniti 20 kwenye lita moja ziende kwa saa 4. Msisukume uniti 10 kwa bomba kwa haraka, presha inaweza kuporomoka. Wakati huohuo itolewe asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu kuganda, gramu 1 kwenye mshipa, kwa dakika 10. Kibofu kiondolewe mkojo, maana kibofu kilichojaa huzuia mfuko wa uzazi kukaza. Kondo la nyuma likaguliwe kama limetoka zima, na njia ya uzazi ikaguliwe kwa taa nzuri. Wengi husahau hatua hii wakiona tumbo limekaza. Damu inayotoka na tumbo gumu hutokana na mchaniko mpaka ithibitike vingine, na oksitosini haishoni mchaniko.

Damu isipokoma baada ya hayo, panda ngazi: bana mfuko wa uzazi kwa mikono miwili, puto la ndani ya mfuko wa uzazi kama mnalo, piga simu ya rufaa. Gari liitwe wakati tiba zinaendelea, lisingoje zishindwe.

Traneksamiki inahitaji maelezo ya ziada kwa sababu ndiyo inayocheleweshwa zaidi. Utafiti wa WOMAN wa mwaka 2017, kwa wanawake 20,060 katika nchi 21, ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, vifo vya kutoka damu vinapungua kutoka asilimia 1.7 hadi 1.2. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa karibu asilimia 10, na saa 3 zikipita haisaidii tena. Kwa hiyo si dawa ya mwisho ya kujaribu mengine yakishindwa. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, au ikirudi ndani ya saa 24, rudia gramu 1 mara moja.

Tahadhari mbili, tafadhali ziandikwe ukutani. Vichupa vya traneksamiki vinafanana na vya dawa ya ganzi ya mgongo, na wapo wagonjwa waliochomwa uti wa mgongo kwa traneksamiki wakafa. WHO ilitoa onyo mwaka 2022. Viwekwe mbali na dawa za ganzi, kwenye sanduku la dharura la leba. Pili, ergometrini, dawa nyingine ya kukaza mfuko wa uzazi, asipewe mama mwenye presha ya juu au kifafa cha mimba, hata kama damu inamwagika.

Sanduku hilo liwe na kila kitu mahali pamoja: kanula, mipira ya dripu, salaini, mabomba, traneksamiki, mizoprostoli (vidonge vya kukaza mfuko wa uzazi), mrija wa mkojo, glavu ndefu, uzi. Oksitosini tu ndiyo ibaki kwenye friji, na kibandiko juu ya sanduku kiseme iko friji gani.

SWALI: Umeme hapa hukatika hata kwa muda wa saa 9. Oksitosini yetu inakaa kwenye trei leba kwa siku mbili tatu. Je, inaharibika kweli au ni woga wa vitabu?
Muuguzi, zahanati, Lindi

JIBU: Inaharibika, na kibaya zaidi haibadiliki rangi. Utachoma uniti 10 ukiamini umemkinga mzazi, kumbe umemchoma dawa iliyopungua nguvu. Mahali pake ni nyuzi 2 hadi 8 na isigande. Inaruhusiwa kukaa kwenye friji ya chanjo, ndani ya kasha lake lenye jina kubwa ili isichanganywe na chanjo. Toa ya zamu moja tu, iweke kwenye kibebeo cha chanjo chenye vibarafu vilivyoanza kuyeyuka, usiviegemeze vichupa moja kwa moja kwenye barafu, na ya trei iliyolala isirudishwe kuchanganywa na nzima.

Ipo kabetosini, dawa nyingine ya kukaza mfuko wa uzazi, isiyoharibiwa na joto, sindano moja ya mikrogramu 100. Utafiti wa mwaka 2018 uliohusisha wanawake 29,645 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, uliilinganisha na oksitosini nzima iliyotunzwa vizuri, na ilikinga sawa. Haihitaji friji. Lakini kazi yake ni kuzuia baada ya mtoto kutoka. Usiichome mtoto akiwa bado ndani, na damu ikishaanza kumwagika tiba ya kwanza ni oksitosini. Zahanati yenye umeme wa kubahatisha, sisi tungeidai kwenye oda ya dawa kwanza kuliko mambo mengi mengine.

SWALI: Shikamooni madaktari. Nina mimba ya wiki 30, damu yangu ni 8.6. Nimesikia kuna sindano ya kuzuia damu. Naweza kuomba nichomwe mapema nikifika leba, kwa kuwa mimi damu ni chache? Vidonge vya kuongeza damu vinanichafua tumbo, nimeviacha.
Mama mtarajiwa, Kilosa

JIBU: Marahaba mama. Swali lako la kwanza watafiti waliliuliza vilevile. Utafiti wa WOMAN-2, uliochapishwa 2023, uliwapima wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu wa kati au mkali katika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan. Nusu walipewa traneksamiki mapema, kabla ya damu kuanza kutoka nyingi, nusu hawakupewa. Waliotoka damu nyingi walikuwa asilimia 7.0 kwa waliopewa na 6.6 kwa wasiopewa. Haikuwakinga. Dawa hii inafaa damu ikishaanza, na hapo ndipo uipate haraka.

Kwa hiyo kazi kubwa iko katika wiki kumi ulizobakiwa nazo. Kiwango cha damu (himoglobini) cha mjamzito kinapaswa kufika gramu 11 kwa desilita. Kati ya 7 na 9.9 ni upungufu wa kati, chini ya 7 ni mkali. Mwenye damu 8.6 akipoteza mililita 500 hayuko sawa na mwenye 12 aliyepoteza kiasi kilekile: hana akiba ya kubeba hewa mwilini, na huishiwa nguvu mapema.

Rudi kliniki wiki hii, usisubiri tarehe ya kadi. Kinga ya kila siku ni madini ya chuma miligramu 30 hadi 60 pamoja na foliki asidi mikrogramu 400. Kwa aliyekwisha pungukiwa, kipimo cha tiba ni miligramu 120 za chuma kwa siku mpaka afike 11, kisha anarudi kwenye kile cha kinga. Kichefuchefu hupungua ukimeza usiku kabla ya kulala, au ukigawa kipimo mara mbili. Choo kuwa cheusi ni kawaida, si damu. Chai na kahawa huzuia chuma kuingia mwilini, hivyo viache viwe mbali na kidonge kwa saa mbili. Maziwa na vidonge vya kalisi pia. Meza kwa maji, na chungwa au ndimu husaidia.

Waombe wapime malaria na wakupe dawa ya minyoo kama hujapewa. Dozi ya SP ya kuzuia malaria hutolewa kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kila baada ya mwezi. Usiimeze pamoja na foliki asidi ya miligramu 5, kwani kipimo hicho kikubwa huipunguza nguvu SP. Baada ya wiki nne pima damu tena. Ikiwa haijapanda, au tumbo limekataa kabisa vidonge, uliza kuhusu chuma cha kwenye mshipa katika hospitali ya wilaya. Na mipango ya kujifungua iwe mahali penye damu ya kuongeza na chumba cha upasuaji, si zahanati.

SWALI: Kijijini kwetu wapo wanaojifungulia njiani mvua ikinyesha. Vidonge vya mizoprostoli vinafaa?
Mhudumu wa afya ya jamii, Kigoma

JIBU: Vinafaa pale ambapo sindano haipatikani, na kwa utaratibu uliowekwa na wilaya yako. Kuzuia: vidonge 3 vya mikrogramu 200 vimezwe mara mtoto akishatoka. Kabla ya hapo shika tumbo uhakikishe hakuna pacha wa pili. Kumeza kabla mtoto hajatoka ni hatari kubwa: uchungu unaweza kuwa mkali hadi mfuko wa uzazi ukapasuka na mtoto akafa. Mama atatetemeka na kupata joto kwa saa chache, mweleze mapema asiogope. Vidonge vikae ndani ya karatasi yake ya alumini mpaka dakika ya kumeza, unyevu huviua. Bado mama na mtoto waende kituoni siku hiyohiyo.

SWALI: Nimeambiwa nilete watu watatu wa kuchangia damu kabla mke wangu hajaingia leba. Damu si iko hospitali?
Mume, Tabora

JIBU: Ndugu, hospitali haitengenezi damu, hukusanya kwa watu kama wewe. Damu nzima hukaa siku 35 tu kwenye friji, na kabla ya kutumika lazima ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Ndiyo maana damu inayotolewa mama akiwa tayari anatoka damu huwa imechelewa. Nenda sasa na ndugu zako wenye umri kati ya miaka 18 na 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi. Kila mmoja hutoa kama mililita 450, wanaume kila baada ya miezi mitatu, wanawake minne. Uliza pia kundi la damu la mkeo limeandikwa kwenye kadi. Kama ni hasi (Rh-), mwambie mganga mfawidhi leo, kwa sababu damu hasi ni adimu kwetu. Damu haiuzwi, ukiombwa pesa ya damu, omba kumwona mganga mfawidhi.

SWALI: Tulipata semina ya siku tatu kuhusu haya yote. Miezi sita baadaye tumerudi kulekule. Kosa ni letu?
Mkunga, Geita

JIBU: Kosa ni la namna mlivyofundishwa. Semina ya hotelini hujaza daftari, mikono husahau. Katika mkoa wako huohuo kuna mfano mzuri. Mpango wa Safer Births uliendeshwa katika vituo 30 vya mikoa ya Geita, Manyara, Mwanza, Shinyanga na Tabora, na matokeo yake yakachapishwa 2025. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwenye wodi yao wenyewe, kwa wanasesere, na kutumia takwimu za kituo chao kuchagua la kufanyia mazoezi. Vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000, na vifo vya akina mama kutoka takribani 240 hadi 60 kwa kila vizazi 100,000. Huduma nyingine nazo zilikuwa zikiboreka wakati huo, hivyo si kila kifo kilichoepukwa ni cha mpango huu peke yake. Hata hivyo, njia yenyewe hamna haja ya kusubiri mradi kuianza.

Chagueni dakika 15 za kubadilishana zamu, mara moja kwa wiki. Mmoja alale kitandani awe mgonjwa, mfuko wa kupimia uwe na maji mekundu mililita 350, mapigo yasemwe ni 116. Mwenye saa aandike: nani aliita, sanduku lilifika dakika ya ngapi, traneksamiki iliingia dakika ya ngapi. Mtagundua haraka kinachokwama. Mara nyingi ni ufunguo wa kabati la dawa ulioko mfukoni mwa mtu aliyekwenda nyumbani.

SWALI: Binti yangu ana siku tisa tangu ajifungue. Damu ilikuwa imepungua, jana imerudi nyekundu yenye mabonge. Bibi yake anasema ni uchafu unatoka, akandwe maji ya moto.
Mama mzazi, Pemba

JIBU: Shikamoo bibi, ila kukandwa kusubiri. Damu ya uzazi hupungua na kufifia rangi siku zinavyokwenda. Ikigeuka na kurudi nyekundu yenye mabonge, mara nyingi kuna kipande cha kondo kilichobaki au maambukizi ndani ya mfuko wa uzazi. Hatari hii ipo hadi wiki 12 baada ya kujifungua. Akilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, akitoa bonge kubwa kama yai, akizunguzwa akisimama, akiwa na homa au harufu mbaya, hiyo ni dharura hata kama ni usiku. Hata bila hayo, apelekwe hospitali leo akapigwe picha ya tumbo na kupimwa damu. Asipewe dawa ya miti ya kusafisha tumbo. Mtoto aende naye aendelee kunyonya, kadi ya kliniki ichukuliwe, na pedi alizotumia tangu asubuhi zitiwe kwenye mfuko wa plastiki zipelekwe, ili mkunga azipime.